Pasi Siyo Pansi

Kila kijana anayepita kwangu hapa Vwawa akielekea Tunduma huniuliza swali lile lile, tena akiwa amesimama, mzigo bado uko begani: "Babu, kule ng'ambo nitakula nini?" Anataka nimjibu upesi ili awahi gari. Basi humjibu upesi kweli. Humwambia, "Pasi." Hapo huduwaa, akadhani uzee umenipanda kichwani, akaaga, akaenda zake. Nimechoka kuagana na watu walioelewa nusu, ndiyo maana leo naandika.

Mimi ni Nzunda, Mnyiha wa Mbozi, na kazi yangu ilikuwa udobi. Nilifua na kupiga pasi nguo za watu kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, kama ilivyoitwa enzi hizo Mwingereza akitawala huku na huko. Bendera ilikuwa moja pande zote mbili za mpaka, lakini ukishavuka tu wewe ni mgeni, na mgeni asiye na mwajiri alikuwa kitu cha kufagiliwa. Nilikwenda sina hata ndevu, nikarudi zimeanza kuingia mvi.

La kwanza mlijue: mimi ni mwoga. Sioni haya kulisema. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nimevisikia vyote viwili, kicheko kwangu na kilio kwa jirani. Uoga ndio ulionilisha ugenini. Mkinisoma mkitafuta ushujaa mtapoteza muda wenu.

Uoga huo nilirithishwa. Kaka yangu Yohana alikwenda kuchimba dhahabu bondeni, upande wa Galula, wakati ule watu walipokuwa wakichimbua kila kijito. Shimo likamfukia. Wenzake walichimba kumtafuta, wakachoka, mvua ikaja, wakaacha. Yuko huko huko mpaka leo. Mama yetu alikuwa msuka nyungo, fundi hasa, watu wakimfuata kutoka milimani kote. Tena alikuwa na desturi aliyoachiwa na bibi yake: mtoto akisafiri, mama husuka ungo, akifika kwenye ukingo huacha pengo la upana wa kiganja bila kulifunga, kisha huutundika ungo ukutani. Msafiri akirudi ndipo humalizia. "Kazi iliyobaki humwita mwenyewe," alikuwa akisema. Ungo wa Yohana ulikuwa ukutani na pengo lake, vumbi limeujaa, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Siku niliyosema nakwenda kwenye shaba, mama hakunikataza. Aliendelea kusuka. Alipofika kwenye ukingo, akakata kamba, akautundika ungo wangu kando ya ule wa Yohana. Ndipo akasema, "Nenda. Watu wanakwenda na wanarudi. Ila chini ya ardhi usiingie. Mmoja nimemwacha huko, yatosha. Niahidi mbele ya Mungu."

Nikaahidi. Sikujua nimeahidi nini. Kule kwenye shaba, kati ya kazi kumi alizopewa mgeni, tisa zilikuwa chini ya ardhi.

Ngoja kwanza niwaambie habari za pasi, kwa maana wengi wenu mmezaliwa mkikuta ya umeme, mnadhani kupiga pasi ni kuchomeka waya. Mimi nilifundishwa na Mzee Haonga, dobi wa misheni, mzee mwembamba aliyekuwa akikohoa kila anapotaka kukutukana. Pasi yetu ilikuwa ya mkaa, ya chuma kizito, yenye jogoo mdogo mbele wa kufungia kifuniko. Mkaa usiutie ukiwa bado unatoa moshi. Subiri uwe mwekundu kote. Kisha itoe pasi nje uipeperushe, kwenda na kurudi, majivu yatoke, la sivyo yatadondokea kwenye shati jeupe na hapo utaijua rangi ya machozi yako. Kabla ya kuanza, ipitishe kwenye jani bichi la mgomba ili iteleze. Nguo iwe na unyevu, isiwe mbichi. Anza na kola, kisha mabega, kisha mikono, mwisho mgongo na kifua. Anayeanza na kifua anataka sifa, alisema Mzee Haonga, na shati lake litakunjika tena akifika kwenye mikono.

Niliharibu nguo nyingi. Iko siku nilitia buluu kwenye maji ya kusuuzia majoho ya kwaya, nikaona haijakolea, nikaongeza, nikaongeza tena. Jumapili kwaya ikasimama mbele ya kanisa samawati tupu, toka shingoni hadi miguuni. Mzee Haonga akakohoa, akaninong'oneza, "Leo mbingu imeshuka Mbozi. Kesho utaipandisha." Kesho yake nilifua majoho yale mpaka vidole vikakatika ngozi. Nilipoondoka alinipa pasi yake ya zamani, kifuniko kimelegea, akasema chombo unachoweza kukibeba mwenyewe ni bora kuliko shamba unaloliacha. Neno hilo lichukueni, maana nimewaona watu waliofika ng'ambo na ufundi mkubwa wa kazi ambayo vyombo vyake vilibaki nyumbani.

Nilitembea hadi Tunduma na pasi ndani ya blanketi. Tunduma siyo hii yenu ya malori na vurugu. Vilikuwa vibanda vichache, na wenyeji, Wanamwanga, waliokuwa na shangazi upande huu na ng'ombe wa shangazi upande ule. Nilipata lori la kuelekea kusini, nikapakiwa juu ya magunia, na njia nzima nilikuwa nikijiambia: mimi ni dobi, nitasema mimi ni dobi, hakuna dobi anayeingia shimoni.

Basi nikafika, nikapanga foleni ya kutafuta kazi. Mbele yetu meza, nyuma ya meza karani wa kutoka kusini, mtu mnene mwenye tai. Mgodini kulikuwa na lugha yao, mseto wa Kizulu na Kiingereza na chochote kilichokuwa karibu, wenyewe wakiiita Chikabanga. Mimi nilijua Kinyiha na Kiswahili cha misheni. Zamu yangu ilipofika nilisogea mezani, blanketi kifuani. Karani hakuinua macho.

"Wena yazi pansi?"

Vijana wangu, nusura nimkumbatie. Maneno mengine yalinipita, lakini nilisikia "pasi" kama ninavyosikia jina langu. Nilisema, "Pasi? Naijua sana bwana! Tangu utoto! Ndiyo kazi yangu!"

"Pansi?" akauliza tena, sasa akinitazama, maana watu hawakuwa wakiipokea kazi ile kwa furaha kiasi hicho.

"Pasi! Hata usiku na mchana!" Nikafungua blanketi, nikaitoa pasi yangu, nikaiweka mezani pake. Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani akaisukuma kwa kidole kimoja, akaniuliza kabila.

"Mnyiha."

"Nyakyusa," akasema, akaandika. Kule kila mtu wa kutoka Tanganyika alikuwa Mnyakyusa, nao Wanyakyusa walisifika kwa kazi za chini, basi sifa zao zikanivaa mimi mwenye miguu ya kuku.

Nikapewa viatu vya buti na kofia ngumu. Niliipindua kofia ile nikijiuliza dobi anavalia nini kofia ya namna hii. Nikadhani labda wenye nguo ni wakali, hurusha vitu. Asubuhi yake nikafuata kundi, pasi kwapani, kofia kichwani, nikiwa na furaha hata nikaanza kuimba wimbo wa kanisani. Kando yangu alitembea mtu mzima mwenye mabega mapana. Alinitazama mara ya kwanza, mara ya pili, mwishowe akashindwa.

"Gwe nkamu," akaniita, yaani wewe ndugu yangu, "pasi hiyo unaipeleka wapi?"

"Kazini, kaka. Nimeandikwa pasi."

Alicheka mpaka akachuchumaa. Huyo ndiye Ambakisye, Mnyakyusa wa kweli wa Rungwe, na ndivyo nilivyojuana naye. Alipoona sicheki akasimama, akaacha kucheka. "Ndugu yangu," akasema taratibu, "pansi kwa lugha ya hawa ni chini. Chini ya ardhi. Unaona kile kizimba? Ndicho kinachotuteremsha."

Nikakiona. Kilikuwa chumba cha chuma kama banda la kuku, kimening'inia kwenye kamba, na watu wakiingia humo wakibanana. Kikashuka. Nilisikia sauti yake ikienda, ikienda, na haikuwa ikifika. Nikamwona Yohana. Sisemi nilimwona kwa macho, nasema nilimwona. Nikasimama pale pale. Msimamizi akapiga kelele, "Checha! Checha!", upesi, upesi, watu wakanisukuma kwa nyuma, na mimi nikajibandika kwenye nguzo nikaikumbatia pamoja na pasi yangu.

"Siwezi," nikamwambia Ambakisye. "Nimemwahidi mama."

Angeweza kunicheka tena. Alisema tu, "Rudisha kofia yao. Uliza nyumba ya Ambakisye, mwambie mke wangu wewe ni mdogo wangu umefika. Usizurure barabarani, utakamatwa." Kisha akaingia kizimbani, akashuka.

Hapo kuna funzo ambalo watu wengi hulikosa. Mkienda ugenini mnajifunza kwanza namna ya kusalimia na namna ya kuomba ugali. Vizuri. Lakini mimi nawaambia jifunzeni kwanza neno la kile mnachokiogopa. Salamu ukiikosea watakucheka. Lile lingine ukilikosea utajikuta umelikubali huku unatabasamu.

Maisha ya kujificha siwatakii. Nyumba za wachimbaji zilikuwa na askari wao, na askari walipita kuangalia nani analala kwa nani bila kuwa na mwajiri. Ukikamatwa unarudishwa mpakani. Mke wa Ambakisye, Tusekile, alinipokea kama alivyoagizwa bila kuuliza swali, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Askari akitokea mwisho wa mtaa, Tusekile alianza kumgombeza mbuzi ambaye hakuwepo, nami nikajua ni wakati wa kutokea uani.  Nilikuwa nikila na masikio yamesimama. Kurudi nyumbani mikono mitupu niliogopa, kushuka shimoni niliogopa zaidi, na katikati ya hofu hizo mbili hapakuwa na pa kukaa isipokuwa uani kwa watu.

Basi nikaanza kutazama. Ndiyo kazi ya mtu asiye na kazi, kutazama. Niliona wenzetu waliobuni riziki zao: mmoja ananyoa, mwingine anaziba baiskeli, mama mmoja wa Kibemba anauza maandazi kwenye njia ya zamu. Niliona pia kwamba hakuna aliyefanikiwa kwa kufanya wanachokifanya wenyeji tayari. Na nikaona wachimbaji wakipanda toka chini, wamepakwa matope ya kijivu mpaka kwenye kope, wamechoka hawawezi kuinua ndoo. Lakini Jumapili ikifika kila mmoja wao anataka suruali yenye mkunjo unaoweza kukata mkate! Wengi hawana wake pale. Mtu aliyeshinda chini juma zima hataki kushinda kwenye beseni siku yake ya kuona jua. Kazi tafuteni pale mtu anapochoka, siyo pale anapopenda.

Shati la kwanza lilikuwa la Ambakisye, jeupe, la kwendea kanisani. Nililifua kwa sabuni ya mche, nikatia wanga niliouchuja kutoka kwenye mihogo, nikalipiga pasi mezani kwa Tusekile juu ya blanketi langu. Migomba haikuwepo karibu, nikatumia kipande cha mshumaa kulainisha pasi. Kola, mabega, mkono wa kulia. Nilipofika mkono wa kushoto nikasita. Ambakisye alikuwa chini wakati ule. Nikaukumbuka ungo wangu ukutani kwa mama, nikaweka pasi kando, shati nikalitundika vile vile, mkono mmoja umenyooka na mwingine umekunjamana.

Aliporudi akalitazama. "Ndugu, umechoka mkono wa pili?"

Nikamweleza habari za mama na pengo la ungo. Tusekile alikuwa akipakua, akasimama na mwiko hewani. Ambakisye akatabasamu. "Basi nikiwa chini nina shati juu linaloningoja. Haya, malizia, mwenyewe nimekuja." Nikamalizia amesimama mbele yangu.

Yeye alilipeleka jambo hili chini kwa wenzake kama mzaha. Mzaha ule ukapanda juu ukiwa kitu kingine. Juma lililofuata walikuja wawili, kisha wakaja wengi, Wabemba, Walozi, Wangoni, kila mmoja na shati lake, na kila mmoja, huku akitazama pembeni kama mtu anayenunua dawa ya aibu, akasema, "Na mimi uniachie mkono." Wabemba wakanipa jina, Ba Kuboko Kumo, Bwana Mkono Mmoja. Wageni waliosikia sifa zangu walikuwa wakipita uani wakinitazama mikono yote miwili, wakaondoka kumtafuta yule kilema.

Sikuwa nikiwadanganya watu. Sikusema mkono wa shati unazuia jiwe kuanguka. Tena kumbukeni kule kulikuwa na nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, na usipopitisha pasi ya moto kila mahali mwenye nguo anaota jipu lenye funza ndani. Kwa hiyo mkono ule sikuuachia utoke bila kuumaliza, na pindo zote niliziminya kwa ncha. Lakini mwenyewe alipaswa kuja. Asimtume mtu. Aje, asimame, nimalizie, achukue.

Ndivyo nilivyopata na mwajiri. Mzungu mmoja kijana, msimamizi wa zamu huko chini, aliziona suruali za watu wake akauliza nani dobi. Akaniandika, kitupa changu, ile karatasi ya kuwaonyesha askari, kikawa safi, nikaweza kupita mbele ya askari nikipiga mluzi. Asubuhi nilifua zake, mchana nikafua za mtaani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Baada ya miezi kadhaa alinijia amesimama mlangoni, ananikwaruzia Kiswahili chake: "Dobi. Shati yangu. Wewe acha mkono." Nikasema, "Ndiyo bwana." Hatukutazamana.

Wakati huo huo kule nyumbani mama alikuwa akiumia nami sijui. Mtu mmoja wa Kamsamba aliyekuwa kwenye foleni yetu siku ile alirudi, akapita Mbozi kwa heshima zote kupeleka salamu. Akasema kweli aliyoiona: Nzunda ameandikwa kazi ya chini, nimemwona akielekea kazini amevaa kofia, anaimba. Anaimba! Niliposikia habari hiyo kwa msafiri mwingine nilitaka kupasuka. Nikawa kila anayerudi Tunduma namkaba: "Mwambie mama sijashuka. Mwambie nafua." Baadhi walifika, baadhi waliishia kwenye pombe za njiani. Na hata waliofika, mama angewaaminije? Yule wa Kamsamba alikuwa ameona kwa macho. Kwa hiyo mimi ugenini niliogopa alichoambiwa, na yeye nyumbani aliogopa asichokijua, na katikati yetu ni pori tupu.

Sasa nifike kwenye siku ambayo ningependa kuiruka.

Honi ya mgodi ilikuwa na saa zake. Mtu aliyezoea hazisikii tena. Mchana huo ililia wakati si wake. Nilikuwa mezani, shati la Ambakisye mbele yangu, nimemaliza mkono wa kulia. Wanawake wa mtaa mzima wakaanza kukimbia kuelekea kwenye kizimba, wengine na watoto mgongoni, wengine na unga mikononi. Tusekile alinipita hakunitazama. Nilitaka kumfuata nikashindwa kuiacha pasi. Nilisimama pale nimeshika mpini mpaka mkaa ukapoa, nikiangalia mkono ule wa kushoto na makunyanzi yake, nikauambia kwa sauti, kama mwendawazimu, "Mwite. Mwite basi."

Walipandishwa wengine wazima siku hiyo. Ambakisye alipandishwa kesho yake. Hakuwa mzima.

Nililia, vijana wangu. Mwanamume yule alinicheka mara moja tu, kisha akanipa nyumba. Wanawake walipomaliza kumwosha, Tusekile alitoka nje, macho makavu, sauti yake ile ya kuita ng'ombe imekwisha kabisa. Akaniuliza, "Shati liko wapi?"

"Lipo, shemeji. Mkono mmoja bado." Nikajikaza nikasema, "Tuliache hivyo hivyo. Sitaumaliza."

Akatikisa kichwa. "Maliza, shemeji. Amefika."

Nikawasha mkaa. Nikaupiga pasi mkono ule polepole kuliko mikono yote niliyowahi kuipiga, pindo na kishikizo, nikamvalisha. Tangu hapo nikamaliza mashati yote siku ile ile, watu wakinisihi wee, sikukubali tena. Na wao taratibu wakaacha kuja. Sikuwalaumu. Ilikuwa imeniingia akilini kwamba kumaliza ndiko kuua, na kila niliposhika pasi nilinusa kaburi. Dobi anayeiogopa pasi hana kazi. Nikamsindikiza Tusekile mpaka kwa wazee wake Rungwe, kisha nikashika njia ya kwetu.

Najua mnataka kuuliza nilileta nini nyumbani. Nilileta pasi ile ile, kifuniko kimelegea zaidi. Nilifika kabla ya jua kuzama. Mama alikuwa nje akipura ulezi, amezeeka kuliko nilivyokuwa nimejiandaa. Aliniona tangu mbali, hakuja kunipokea. Alisimama tu, fimbo ya kupuria mkononi, mpaka nikafika miguuni pake, nikapiga magoti.

"Ulishuka?" Ndiyo salamu yake ya kwanza baada ya miaka yote ile.

"Sikushuka, mama. Nilifika mlangoni, sikushuka."

Akanishika mikono, akaigeuza. Viganja vyangu vilikuwa laini, vyeupe, vimekunjamana kwa maji na sabuni, na kovu la pasi kwenye kidole gumba. Akavinusa. Kisha akaingia ndani, akatoka na ungo wangu na kamba, akakaa chini, akaanza kuufunga ukingo.

Nilishtuka kama nimeguswa na moto. "Mama, acha! Usiumalize!" Nikaunyakua. Nikaukumbatia kifuani. "Ukimaliza nitakufa. Nimeona. Nilimaliza mkono wa mtu na mtu akaingia kaburini."

Mama akaiweka kamba chini. Akaniuliza mtu huyo alikuwa nani, nikamweleza yote, Ambakisye, shati, Tusekile na neno alilolisema. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akautwaa ungo kutoka kwangu pole pole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mkewe alijua," akasema. "Haumaliziwi kwa aliyekufa wala kwa aliye hai. Unamaliziwa kwa aliyefika. Wewe umefika. Niachie nifanye kazi yangu."

Akaufunga ukingo mbele yangu, kamba kwa kamba, akaukata mwisho kwa meno. Jioni ile ile alipepeta ulezi kwa ungo huo, akasonga ugali, nikala mpaka nikaona haya.

Kwa hiyo nendeni, siwakatazi. Bebeni chombo chenu. Ulizeni neno la kile mnachokiogopa. Na kabla ya kuvuka, acheni kwa mama zenu kitu kimoja ambacho hakijaisha. Ungo wangu ulitumika mpaka ukatoboka, tukautupa. Wa Yohana ninao hapa ukutani. Mama aliniachia alipofariki, nami kila mwaka naupangusa vumbi, na pengo lake la upana wa kiganja sijaligusa.